Wavu wa Bibi Fundo

Saa mbili asubuhi, Jumanne. Bibi Fundo amekaa chini, kiti kimelala mapajani, ncha ya kamba ameing'ata kwa meno. Mlangoni anatokea mwanamume asiyemjua, shati limejaa vumbi la chaki, mkononi ana karatasi moja.

"Karibu. Kiti kimetoboka au kimelegea?" anauliza bila kuinua macho.

"Sina kiti, mama. Nina wavu."

Shemeji wa Bibi Fundo, seremala anayetumia naye karakana hiyo, anasimamisha msumeno. "Mzee, hapa hatuvui samaki."

Hivyo ndivyo fundi huyu wa miaka hamsini na sita, ambaye amesuka viti kwa miaka thelathini na mmoja, alivyoingia katika fizikia ya vipimo vitano. Jina lake la utani lina sababu: fundo lake halifunguki mpaka alifungue mwenyewe.

Mgeni ni mhadhiri. Anachunguza nadharia za ulimwengu wenye vipimo vitano: urefu, upana, kimo, wakati na kimoja zaidi. Nadharia ambazo ukizitazama kwa karibu au kwa mbali, sura ni ile ile. Hakuna awezaye kuziona, lakini zina jiometri yake. Nyingi huchorwa kama wavu wa mistari, na kila mistari inapokutana, mivuto lazima isawazike. Vyumba vyote vya wavu vikisinyaa hadi kuwa nukta moja, hapo ndipo nadharia yenyewe ilipo.

"Huo ulimwengu sikuuelewa," anasema Bibi Fundo akicheka. "Lakini kamba kuvutana sawasawa, hilo nalijua. Kiti kisipovutana sawa kitakuaibisha mbele ya wageni."

Wavu uliochorwa kwenye karatasi ile ulikuwa wa mwanafunzi wa mhadhiri huyo, dada wa miaka thelathini na mmoja anayesomea shahada ya uzamivu. Mwaka jana maradhi yalimpofusha macho yote mawili. Ijumaa saa tatu angekaa mbele ya jopo la walimu, na baadhi yao walishasema asiyeona hawezi kuendelea na somo la maumbo. Asipowaridhisha, kazi ya miaka minne ingeishia hapo.

"Michoro yote anayo kichwani," mhadhiri alieleza. "Anachokosa ni kitu cha kuwekea vidole ili awaelekeze wanaoona."

"Utaupata Ijumaa kabla ya saa tatu," fundi alimjibu.

Shemeji alichonga fremu. Bibi Fundo alifunga kamba kumi na nne, ncha zake akazipitisha ukingoni na kuzining'inizia nati za chuma za kuzivuta, kila ncha kwa idadi iliyoandikwa kwenye karatasi. Alhamisi adhuhuri alimaliza, lakini wavu uligoma. Fundo moja la kushoto liliteleza. Akalirudisha, likateleza tena.

"Si uongeze nati, yaishe?" shemeji alimwambia. "Nani atajua?"

"Vidole vyake vitajua. Shemeji, wewe mlango ukipinda unaunyoosha kwa rangi?"

"Wa kwako ndiyo."

Akampigia mhadhiri. "Mwalimu, kamba hii ya kushoto inabeba kazi ya wawili. Mwenzake yuko wapi?"

Karatasi zikasikika zikipekuliwa. Kwenye mchoro wa awali kulikuwa na mistari miwili sambamba, imekaribiana mno. Mashine ya fotokopi iliichapa kama mmoja, na mhadhiri akahesabu nati kwa kutazama nakala hiyo.

Kuongeza kamba moja kulimaanisha kufungua mafundo tisa. Na pembeni kulikuwa na viti vitano vya mkahawa vilivyotakiwa Ijumaa asubuhi. Kiti kimoja humchukua saa nne.

"Shemeji, fikiri," seremala alisihi, safari hii bila mzaha. "Mteja huyu akiondoka harudi."

"Viti vitapata mtu wa kuvisuka. Yule dada wa watu hana wavu mwingine."

Alimpigia mwenye mkahawa akamweleza ukweli. Jioni gari lilikuja likabeba viti vyote, na kazi ya viti ishirini aliyoahidiwa mwezi ujao ikaenda navyo. Hiyo ingelipa kodi ya karakana miezi miwili.

Jopo lilimruhusu mwanafunzi aendelee. Bibi Fundo bado anatafuta kodi, lakini ana mpango wa kusuka nyavu nyingine. "Ameniambia anazo nyingi kichwani," anasema. "Mimi kamba ninazo."

Anachokikumbuka zaidi ni dakika chache kabla jopo halijaingia. Alifika saa tatu kasoro dakika nane, amebeba fremu kwa mikono njia nzima ili kamba zisitikisike. Akaiweka mezani. Mwanafunzi alipitisha vidole taratibu, chumba baada ya chumba, mpaka kushoto. Akasimama kwenye kamba mbili zilizokaribiana, akapenyeza ukucha katikati yake.

"Zipo zote mbili," alisema. "Hapa ndipo nilipoogopa watakosea."