Nilianza Kabla ya Kuganduka

Mume wangu alikufa kwa ugonjwa wa sukari, na karibu hakuna aliyeniamini. Miaka ile ya vita, ukisema umefiwa, watu wa Bujumbura waliinamisha vichwa na kuuliza kwa sauti ya chini, "Walimukuta wapi?" Nikijibu kwamba hakukutwa popote, kwamba alifia kitandani, hospitalini kule Kamenge, mguu umeoza na dawa hazipatikani, walinitazama kana kwamba ninaficha kitu. Nilichoka kueleza. Mwishowe nikawa nasema tu, "Alikufa," basi.

Alikufa tukiwa tumegombana. Mimi nilikuwa daktilo, mpiga chapa, katika ofisi moja ya serikali upande wa Kigobe. Zaidi ya miaka ishirini vidole vyangu vilipiga maneno ya watu wengine: amri, mikataba, barua za kumwachisha mtu kazi, na chini yake mwingine akatia saini. Nilipostaafu wakanipa karamu, saa ya ukutani na kwaheri. Mwaka huohuo chuo kimoja mjini kilitangaza redioni kwamba kitapokea watu wazima wenye diploma za zamani, waje kujaza viti vya vijana waliokimbia nchi. Ilikuwa nafasi ya mwaka ule tu. Mwaka unaofuata nani alijua kama chuo chenyewe kitakuwapo? Nikaomba kusoma sheria, nikakubaliwa.

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "We mama muzima, utabeba sakoshi kama mutoto wa shule?"

Sikumsemesha siku nzima. Kisha akalazwa, na ule ugomvi haukupata nafasi ya kuisha. Aliukimbia. Hata leo nikikumbuka kile kicheko chake nakasirika, na nikikasirika ndipo hamu yake inaponishika zaidi.

Kwetu mtu akishazikwa, mambo hayajaisha. Kuna siku ya kuganduka, yaani kuanua matanga. Ukoo unakutana, mkubwa wao anasema neno la mwisho juu ya marehemu, halafu anawaruhusu waliofiwa warudi katika shughuli zao. Kabla ya siku hiyo, mjane na mama wa marehemu hawaanzi jambo. Hawashiki jembe, hawahami, hawaozeshi. Mjini wengi walikuwa wameshalegeza, lakini ukoo wa mume wangu haukulegeza kitu.

Mkubwa wa ukoo alikuwa shemeji yangu, kaka yake marehemu, aliyeishi bara. Baada ya mazishi aliniahidi kwamba kwa ajili ya vita hatutangoja mwaka mzima. Mvua zikianza atashuka, tutaganduka, nami nitaingia chuoni nikiwa huru. Mvua zikaanza, na barabara ikafungwa. Magari yalikuwa yakiviziwa milimani na kuchomwa moto, na hakuna aliyeshuka isipokuwa aliyechoka kuishi. Chuo nacho kikasema: asiyefika wiki ya kwanza, kiti chake kinapewa mwingine.

Nilienda posta nikampigia simu shemeji.

"Ngoya," akasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nishuke."

"Na usiposhuka?"

Nilisikia laini ikikwaruza. Kisha akasema polepole, kama mtu asiyependa anachosema, "Ukianza bila sisi, usitungoye tena."

Nilielewa. Nyumba yetu ya Buterere ilikuwa ya mume wangu, na kwa hesabu yao, mali ya mume wangu ni ya ukoo. Kutonigandua maana yake ni kwamba mimi si mtu wao tena. Nilirudi nyumbani na matope yamenifika kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu Buterere mvua ikinyesha siku mbili tu njia zinageuka mito, na njia nzima nilikuwa nikiongea peke yangu kwa hasira.

Nyumbani alikuwapo mama mkwe. Alikuwa amekimbia kilima chake juu ya mji miaka miwili kabla, akaja kuishi nasi, na tangu siku alipofika hakukaa bure. Nyuma ya nyumba, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea mashamba ya mpunga, alijilimia kijishamba cha viazi vitamu na lengalenga, mchicha wa kwetu. Majirani walimcheka wakisema anajua mimea yake kuliko wajukuu wake. Mwanawe alipokufa, aliliegemeza jembe ukutani asiliguse tena. Majani yakaota mpaka kiunoni. Yeye akawa anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono juu ya magoti, akitazama wanawake wengine wakienda kupanda mpunga.

Asubuhi ya siku ya kwanza nilifunga kitambaa changu cheusi cha msiba, nikachukua sakoshi, mfuko wangu wa madaftari.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Masomoni, mama."

"Mutoto wangu angali amelala hapo mulangoni," akasema. "Hatuyaganduka. We unamuruka."

Huenda mwingine angerudi ndani. Mimi nilipofika kizingitini niliinua mguu juu kabisa, kana kwamba kweli pana mtu amelala, nikavuka. Nilifanya makusudi, ili aone. Nyuma yangu nikasikia kigoda kikigeuzwa. Toka siku ile kila asubuhi nilipotoka alinipa mgongo.

Kwenye kizuizi cha barabarani mwanajeshi aliona kitambaa changu akauliza kwa upole kama naenda msibani.

"Apana. Naenda darasani."

"Kufundisha?"

"Kufundishwa."

Alicheka akaita mwenzake aje anione. Niliwaacha wacheke. Baada ya wiki chache walinizoea, na kulipokuwa na milio ya risasi kule juu ndio walioniambia nipite njia gani. Nilipaswa kurudi kabla ya saa ya kutotembea, kwa hiyo kipindi cha mwisho nilikuwa nakikatisha, na nilikuwa nainuka mbele ya profesa bila kuomba radhi. Nilikuwa nimeshaomba radhi za kutosha ofisini.

Nisijisifu lakini. Mtihani wa kwanza nilipata alama za aibu. Nilidhani sheria ni jirani yangu, maana nilikuwa nimezipiga chapa ujana wangu wote. Kumbe sikuwa nimeelewa hata moja. Binti mmoja aliyekaa karibu nami, mwenye umri wa mwanangu wa mwisho, ndiye aliyenishika mkono siku moja katikati ya somo.

"Mama, mbona unaandika kila kitu? Unaandika mpaka profesa akikohowa."

Nilitazama karatasi zangu. Ilikuwa kweli. Profesa akifungua mdomo, vidole vyangu vilianza kazi na kichwa kikalala, kama nilivyozoea ofisini, ambako aliyekusomea hakutaka ufikiri, alitaka usikosee. Binti yule akanifundisha kukaa na kalamu chini. Siijui adhabu iliyonitesa kama ile. Nilikalia mikono yangu, nikamsikiliza mwanadamu akizungumza, nikaanza kujiuliza: ni kweli? Nani kasema? Na kwa nini? Ilikuwa mara ya kwanza neno la sheria kupita kwangu nikalisimamisha njiani na kulihoji. Nilitoka darasani siku ile nimechangamka hata nikasahau kukwepa madimbwi.

Nyumbani hapakuwa na wa kumsimulia; watoto wangu walikuwa wameshaondoka. Mama mkwe alikula nilichopika, alinijibu nilipomwamkia, basi. Siku moja nilipoteza subira nikamwambia, "Mama, shamba linakufa. Lima. Nani atakuona?" Hakugeuka. "Mi nitangoya," akasema. Nikamwona mkaidi, mtu wa zamani, jiwe lililowekwa mlangoni kunizuia. Nikazidi kusoma kwa sauti, ili anisikie.

Barabara ilifunguka mvua zikielekea kuisha, kwa misafara ya magari yakisindikizwa na wanajeshi. Shemeji akashuka na wazee watatu wa ukoo, wamejaa vumbi. Kuganduka kukapangwa kesho yake, siku moja kabla ya mtihani wangu wa mwisho wa mwaka.

Jioni ile, jua halijazama, shemeji aliniita pembeni ya ua. Alikuwa ameletewa habari zote.

"Kesho nitakupatia jembe mbele ya watu," akasema. "Nitasema, toka leo unaweza kuanza. We pokea, sema asante. Inaisha."

"Na chuo?"

"Chuo gani? Mi siyasikia habari ya chuo." Akanitazama usoni. "Shemeji, wazee wale hawatakubali vingine. Ukisema vingine, mi sitaweza kukutetea. Nyumba iko ya ukoo."

Ilikuwa huruma, na ninamshukuru mpaka leo. Amesafiri njia ya mauti ili kunitengenezea mlango wa kutokea. Kitu kimoja tu alitaka: niseme asante kwa ruhusa ambayo sikuingoja. Sikumjibu, naye akadhani nimekubali.

Kesho yake ua ulijaa. Majirani walikuja, watu wa kanisani walikuja, pombe ya ndizi ikazunguka. Mama mkwe alikaa mbele, amevaa imvutano yake nzuri, lile vazi la kitambaa linalofungwa begani, mikono juu ya magoti kama kawaida. Shemeji alisema mambo mazuri juu ya nduguye. Alisema alikuwa mcheshi. Nikatamani kucheka na kulia. Kisha akachukua jembe jipya lenye mpini mweupe, akalielekeza kwangu kwa mikono miwili.

"Mukazana wetu, muke wa ndugu yangu, umelilia mutu wetu vizuri. Leo tumeganduka. Toka leo unaweza kuanza."

Niliinuka. Nilijua nikifungua mdomo huenda nikalala nje usiku ule. Lakini nilikuwa nimepiga maneno ya watu miaka yote ile yakatiwa saini na wengine, na hili moja lilikuwa langu. Sikunyosha mikono.

"Shemeji, asante kwa kushuka," nikasema. "Ila sitadanganya siku ya mume wangu. Mi nilishaanza. Nilianza mvua zikianza, na kesho iko mtihani yangu."

Mzee mmoja akaweka kibuyu chini. Shemeji alibaki na jembe mikononi, uso umemshuka, hajui alirudishe wala alipeleke wapi.

Ndipo kigoda kikalia. Mama mkwe alikuwa ameinuka.

"Leta hapa," akamwambia mwanawe. "Mi ndiye nilingoya."

Akalipokea jembe. Hakuketi nalo. Alipita katikati ya watu na vazi lake zuri, wakampisha, akazunguka nyumba mpaka kwenye kijishamba chake kilichomezwa na majani. Tulimfuata sote, bila mtu kuitwa. Akainua, akapiga ardhi. Akapiga tena. Kwa pigo la tatu alianza kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata makaburini, na hakuacha kulima. Majani yalikuwa yakianguka na yeye analia na jembe linapanda na kushuka.

Shemeji akawatazama wazee, wazee wakamtazama yule mama, na hakuna aliyezungumzia nyumba, siku ile wala baadaye.

Mimi nilisimama pale na maneno yangu ya ushindi mdomoni. Msimu mzima nilikuwa nimepigana naye, kumbe yeye alikuwa amefungwa kamba ileile niliyoikata. Tofauti ni kwamba yeye aliitii, na iliyomfunga zaidi haikuwa mila. Ilikuwa barabara. Watu wenye bunduki walikaa milimani wakamzuia mwanamke mzee kulia na kulima viazi. Hasira yangu yote ikamwacha, ikapanda kule juu, na mpaka leo haijashuka.

Sikujuta kuanza, na sijuti. Lakini nilikivua kitambaa cheusi kwa mkono wangu mwenyewe, bila kungoja nivuliwe, nikaingia shambani. Jembe lilikuwa moja, kwa hiyo nikaanza kung'oa majani kwa mikono, nikimfuata nyuma.

"Using'oe viazi," akasema bila kugeuka.

Asubuhi nilipoamka, kigoda kilikuwa kitupu na jembe lilikuwa likisikika nyuma ya nyumba. Nilichukua sakoshi yangu nikaenda kwenye mtihani na udongo kwenye kucha. Pale mlangoni nilipita kawaida. Hapakuwa na mtu wa kuruka.