Vumbi la Mabehewa

Garsen haina reli, na shemeji yangu Gershom hajawahi kupanda garimoshi. Hata hivyo, hapa mjini hakuna anayeyajua mabehewa kumshinda. Huyapata kwenye marobota ya mitumba kutoka Mombasa, yamechanganyika na wanasesere wasio na macho: mabehewa madogo ya bati, ya kale, rangi imebabuka. Huyapiga msasa mpaka bati ling'ae, hunyoosha palipobonyea, kisha huyapaka rangi upya kwa brashi nyembamba. Kuna watu Nairobi wanaoyakusanya, wazima na ndevu zao. Nilimcheka sana. Mtu mzima na vidude!

Angekuwa peke yake, ningekuwa ningali nacheka. Lakini yeye na dada yangu Josephine wanamlea mjukuu wao, Stacy, mtoto wa binti yao Lydia, wa miaka mitatu, na Stacy hakubanduka karakanani. Kila behewa lililopigwa msasa alilikokota vumbini akiliimbia, kisha akalitia mdomoni. Gershom alijisifu kwamba mtoto amerithi mkono wake.

Jioni Josephine alilifagia lile vumbi la rangi. Mama alitufunza kwamba taka za nyumba hazitupwi mtoni, maana maji hayo ndiyo tunayokunywa. Basi alilimwaga nyuma ya karakana, penye majivu na maganda.

Walianza kufa kuku. Tukasema ni kideri. Kisha Stacy akawa analia tumbo, akakonda, na maneno aliyoyajua yakaanza kumpotea. Asubuhi moja alilinyooshea kidole behewa alilolipenda, akatafuta jina lake, akalikosa. Niliogopa.

Josephine hakutafuta mbali. Gumato, mama wa Kiorma aliyetuuzia maziwa miaka nenda miaka rudi, alikuwa amemsifu mtoto pale mlangoni, mzuri, mnono, bila kusema mashallah, na yeye Mwislamu. Jicho hilo, akasema dada yangu, wala hakuna jingine. Akamfukuza na kibuyu chake.

Gumato alirudi bila maziwa, akasimama nje ya ua.

"Mama Lydia, mimi hapana jicho," akasema. "Ndama yangu ililamba betri ya lori. Ikakonda hivi hivi, ikazunguka, ikakufa. Angalia mtoto nalamba nini."

Gershom alikuwa akipuliza vumbi kwenye behewa. Akaacha kupuliza.

Walimpeleka Malindi, damu ikapimwa. Daktari alisema ni risasi, madini yaliyotiwa katika rangi za zamani. Mtoto angepona, ila asiingize tena mdomoni hata chembe. Akiingiza nyingine, akili iliyopotea haitarudi.

Gershom alilia mbele za watu bila haya. Aliyafungia mabehewa yote ndani ya pipa, akachoma nguo zake za kazi, akaiosha karakana sakafu na kuta, ndoo kwa ndoo, mpaka maji yakatiririka nyuma, kwenye majivu na maganda. Sikumcheka tena.

Stacy alirudi nyumbani, na siku alipolitaja jina la paka tulipiga makofi sote. Josephine alimwomba Gumato radhi, na maziwa yakaletwa kama zamani. Daktari alikuwa ameagiza pia mboga za majani, za kuongeza damu, na dada yangu akiagizwa jambo hulifanya mara mbili. Asubuhi mchicha, jioni mchicha.

Niliwatembelea mchana mmoja wa jua kali, Stacy amekaa mkekani na sahani yake. Mashamba yote ya Minjila, tunakonunua mboga, yalikuwa yamekauka.

"Dada, mchicha mzuri hivi umeutoa wapi, na mvua hakuna?"

"Sinunui, mdogo wangu," akasema kwa furaha. "Umeota wenyewe nyuma ya karakana, tangu Gershom alipoosha. Kaone majani yalivyo mapana."

Nilimrukia Stacy, nikamnyang'anya sahani. Alikuwa ameshailamba mpaka chini. Akainyooshea kidole ili nimrudishie, akafungua mdomo kulitafuta jina lake, akabaki hivyo hivyo.