Rula Mbili za Fonderi

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa maishani mwangu ilikaa katika chumba kidogo kati ya tanuri na choo, katika karakana ya kuyeyusha madini hapa Kolwezi. Sisi tuliiita fonderi. Chumba kile ndicho peke yake kilichokuwa na kiyoyozi, basi mashine ikapata heshima ambayo sisi watu hatukuwahi kuipata. Nilikuwa karani wa fishi, zile kadi za karatasi za kuorodhesha mali, na nilipoambiwa nizihamishie zote ndani ya mashine, niliringa wiki nzima. Mume wangu alisema natembea kama mke wa gavana.

Kampuni ilikuwa imeanza kufa, ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo. Vipuri kutoka Ulaya havikuja tena. Pampu ikivunjika, tulitafuta kitu kingine kilichovunjika zamani, tukakiyeyusha, tukakimimina upya kiwe kipuri. Hapo ndipo kompyuta ilipopata kazi ya maana. Niliandika ndani yake kila kilicholala uani, kuanzia bushi za bronzi za garimoshi bovu hadi valvu na minyororo, pamoja na uzito wake. Upande wa pili niliandika vipimo vya kila kipuri tulichoweza kumimina. Ukibonyeza, inakuambia mfu gani anaweza kufufuka akawa nini. Siku hizi vijana wa viwanda vipya wana jina refu la jambo hilo, na wanafanyiwa semina juu yake. Nilialikwa kwenye moja. Nilisikiliza kwa adabu, nikala biskuti zangu, nikakikumbuka kile choo.

Vipimo nilivipata kwa mzee mmoja, fundi wa modeli. Kabla ya kumimina kipuri, lazima mtu akichonge kwanza kwa mbao. Mbao hiyo inagandamizwa kwenye mchanga, inaondolewa, kisha bronzi iliyoyeyuka inajaza nafasi yake. Mchongaji alikuwa yeye. Wazazi wake walitoka Kasai, lakini yeye alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu mimi niliyekulia kaskazini ya Katanga.

Kompyuta hakuipenda. Aliiita bibi-arusi, kwa kuwa ilifunikwa kitambaa cheupe na haikufanya kazi bila kupepewa. Hata hivyo alikuja kila asubuhi na modeli kwapani, akaipima kwa rula yake ya mbao ya njano iliyong'arishwa na mikono, akanisomea namba, mimi nikaandika. Kazi ile ilichukua miezi mingi, na nusu yake ilikuwa utani. Nilikuwa na furaha siku zile, sitasema uongo.

Kisha mambo yakaharibika kwa mkupuo. Ulikuja uporaji, na watu wakazibeba modeli zetu kwenda kupikia. Siwalaumu sana, mbao ilikuwa kavu na makaa yalikuwa adimu. Kwa jirani yangu niliona kipande chenye rangi nyekundu ya fonderi chini ya sufuria ya maharagwe. Nilimsalimu, nikakaa, nikala maharagwe. Kompyuta ilipona kwa sababu mlinzi aliificha chooni, na hakuna mporaji aliyefikiri kutafuta mali mahali pale.

Baada ya uporaji ikaja amri ya mitaani kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Fundi wetu alipoteza kazi na nyumba katika wiki moja. Asubuhi moja meza yake ilikuwa tupu, na rula haikuwepo. Tulisikia yuko stesheni na mkewe, wanangoja treni pamoja na umati wa wenzao. Sikwenda kumwona. Nilijiambia nina kazi nyingi, lakini kweli ni kwamba niliona haya. Baadhi ya waliokuwa wakiimba barabarani kwamba waondoke nilikuwa nakaa nao benchi moja kanisani.

Tukiwa katika hali hiyo, pampu ya maji ya mtaa wetu ikasimama. Gurudumu la bronzi linalosukuma maji lilikuwa limelika. Tukaanza kwenda na bidoni, yale madumu ya plastiki, hadi kijito kilicho chini ya mgodi, na maji ya kule hata mbuzi aliyafikiria mara mbili. Mwanangu wa mwisho akashikwa na tumbo la kuhara, na hakuwa peke yake.

Mkuu wa karakana aliniambia nimfungue bibi-arusi. Mashine ikajibu vizuri: bushi za garimoshi zinatosha, na vipimo vya gurudumu hivi hapa. Modeli yenyewe ilikuwa imekwisha pikia watu, basi tukamwita seremala wa milango, akachonga nyingine kwa namba zangu. Tukamimina. Gurudumu likatoka zuri ajabu, nami nikaringa tena. Fundi wa kukereza alipolifunga kwenye mashine yake, akalipima, akalipima tena, akazima mashine. Lilikuwa dogo pande zote. Hakukuwa na nyama ya kukereza, yaani bronzi ya ziada ya kupunguza hadi kipimo.

Gurudumu lenyewe halikuwa hasara, lingerudi tanurini. Tatizo lilikuwa koki, yale makaa ya mawe ya tanuri, maana iliyobaki ilitosha kuwasha moto mara moja tu. Mkuu alisema ama mashine imedanganya, ama mimi, na akanipa hadi kesho yake nimwambie ni nani. Nilizisoma namba zangu zote upya, nikazilinganisha na daftari. Zilikuwa sawa. Nikafunga unga na samaki wakavu kwenye kitambaa, nikaenda stesheni.

Nilimkuta amekaa juu ya sanduku lake la zana, mkewe akikoroga uji kando ya reli. Nilianza kuomba radhi kwa kuchelewa kuja, akanikata, akauliza habari za bibi-arusi. Nikamweleza yote. Aliuliza swali moja tu.

"Mulipima na metre ya nani?"

Nilimjibu ya seremala wa milango. Akacheka mpaka mkewe akaacha uji. Akatoa rula ya njano, akaazima mita kwa jirani yake, akazilaza sambamba juu ya sanduku. Mwanzo zilikuwa sawa. Mwishoni, rula yake ilipita mita ya watu kwa upana wa kidole.

"Bronze ikipoa inajikunja, inakuwa kadogo, mama," akasema. "Hii metre yangu inajua ile. Miye nilikusomea namba ya kintu yenye kuisha poa. Mbao inapashwa kuwa mukubwa kupita pale."

Miezi yote ile hakuniambia, kwa sababu hakufikiri kuna mtu asiyejua. Nami sikumwuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini nani anaiuliza rula maswali?

Sikuthubutu kumwomba ile rula. Alikuwa anakwenda Kasai ambako hakuwahi kukanyaga, na ugali wake wa huko ulikuwa ndani ya rula ile. Niliomba kuinakili tu. Tukapata ubao mwembamba wa kitanda kilichovunjika, mkewe akaniazima kisu, nikakaa chini nikachonga alama moja baada ya nyingine, yeye akinicheka mistari yangu minene. Ilinichukua mchana wote. Nilipomaliza nilimrudishia yake. Alizitazama zote mbili, akaiweka ya ubao wa kitanda sandukuni, na ya njano akanipa mimi.

Nilikataa. Nilimwambia wazi kwamba atalala njaa kwa ajili yetu, sisi tuliomfukuza.

"Yako iko na makosa, nimeiona yote," akasema. "Miye nitapunguza kidogo hapa, nitaongeza kidogo pale. Bibi-arusi wako haiko na macho."

Seremala alichonga modeli upya kwa rula ya njano, tukamimina mara ya pili. Gurudumu likakaa kwenye pampu, na kwenye mstari wa kwanza wa orodha yangu nikaandika kwamba vipimo vyote ni vya rula ya njano. Maji yalipofika bombani, nilijaza bidoni kabla hata ya kumpa mwanangu, nikaipeleka stesheni kichwani. Nilikuwa nacheka peke yangu njiani.

Alikuwa bado pale. Akanywa polepole, akampa mkewe, mkewe akawapa waliokaa karibu, na bidoni ikaisha. Alisema maji ni baridi. Kesho yake wanawake watatu wa mtaa wetu walikuja nami, kila mmoja na bidoni yake, na mmoja wao alikuwa wa benchi langu la kanisani.

Treni ilikuja siku ya tatu. Walipandishwa kwenye mabehewa ya mizigo. Rula yangu mbovu ilikuwa ndefu kuliko sanduku, ikabaki imechomoza nje ya kifuniko, na hiyo ndiyo niliyoitazama mpaka behewa likakata kona.