Ndoo ya Machicha ya Komoni

Leo asubuhi nimemtuhumu mkamwana wangu kwa ulevi.

Nilimwona Tumaini akitoka kilabuni, hapa Ilula, amebeba ndoo ya machicha ya komoni, pombe yetu ya kienyeji ya mahindi. Mimi ni mzee wa kanisa.

Alipofika nyumbani nikamuuliza, "Mama, pombe nyumbani kwangu?"

"Si ya kunywa, Baba. Ni ya perege, samaki wangu wa bwawani."

Nikaishika ndoo ili niimwage. (Nakiri, nilikuwa na hasira.)

"Usimwage, Baba! Wakifa tena kama mwaka jana, bwawa nalifukia."

Akanieleza kwa upole. Machicha huyakausha, huyasaga, kisha huyachanganya kidogo na pumba na dagaa. Chachu na nyuzinyuzi zilizomo huwalisha bakteria wazuri walio tumboni mwa samaki, na samaki hukua vizuri bila kuugua ovyo.

Akanipeleka bwawani, akatumbukiza wavu.

Perege wanene, wakirukaruka! Mwaka jana majira haya tulikuwa tukiokota mizoga.

Nimefundisha sayansi hadi kustaafu, na hilo sikulijua. Nimemwomba radhi mbele ya mke wangu.

Kesho Tumaini anampeleka mtoto kliniki, kwa hiyo machicha nitayafuata mimi. Washarika mtakaoniona nikitoka kilabuni, tafadhali niulizeni kwanza.