Mpishi Asiyekula Chungu Chake

Maneno yalianzia kwenye karai la maandazi la Mama Rosa, pale Mwembesongo, na kabla mafuta hayajapoa yalikuwa yameshafika bombani. Jesca alikwenda kununua mawili ya chai, Baraka mgongoni, Mama Rosa akamvuta upindo wa khanga.

"Wewe unakaa naye nyumba moja, mdogo wangu, hebu niambie. Mpishi asiyekula chungu chake, si ana anachokijua humo ndani?"

Aliyesemwa alikuwa Bi Hidaya, mwenye nyumba wa Jesca, mpishi wa shughuli za mtaa mzima. Mama Rosa alikuwa amemchunguza. Harusini anapika, anapakua, ananawa, anaondoka. Kwenye hitima vilevile, hata chai anairudisha. Kama si dawa za kwao milimani anazotia kwenye vyakula vya watu, basi anawaona wenzake ndio wachawi. Moja kati ya hayo mawili.

Jesca akalipa, akasema yeye hajui. Alikuwa anajua.

Bi Hidaya alizaliwa Kinole, huko milimani, akashushwa mjini na mume aliyepata kazi kiwandani. Kiwanda kilipouzwa na watu kupunguzwa, mume alirudi nyumbani na redio na begi, akakaa kibarazani mpaka mauti yalipomfuata. Kuanzia hapo nyumba ilisimama kwa mwiko wa Bi Hidaya. Mdalasini na pilipili manga vilimshukia kutoka shamba la ukoo wa mama yake, na watu walisema harufu ya pilau yake inamfikia bwana harusi kabla ya kadi.

Jesca alikuwa mtu wa Iringa, Mkristo, mgeni asiye na mama karibu. Alipojifungua Baraka, Bi Hidaya ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, bila kuulizwa na bila kuuliza. Ernest, mumewe Jesca, alipotaka kushukuru, aliambiwa akachote maji, shukrani haijazi pipa.

Siri Jesca aliikuta hospitali. Alimpeleka mtoto kupimwa uzito, na upande wa pili wa baraza kulikuwa na benchi la watu wa sukari. Nesi mmoja mwembamba alikuwa anawapa somo. Mboga za majani zijae sahani, ugali au wali ukae pembeni kama mgeni. Ugali wa dona, unga usiokobolewa, siyo wa sembe. Chai bila sukari, na soda waachieni wengine. Mtu asimeze vidonge akashinda na njaa. Na wa nyumbani waambiwe. Mzee mmoja akauliza, je, na togwa? Benchi zima likacheka, kisha likanyamaza lisikie jibu. Katikati ya benchi hilo, khanga imefunika nusu ya uso, alikuwa Bi Hidaya.

Walirudi pamoja mpaka karibu na nyumbani. Hapo Bi Hidaya akamwomba amfichie. Kisukari watu wanakijua ni ugonjwa wa wakubwa, wenye vyeo na magari; yeye wa kupepea kuni kaupata wapi? Watamcheka, halafu watamhurumia, na huruma ndiyo mbaya zaidi. Watamtandikia mkeka kivulini wamwambie apumzike, na mwiko apewe mwingine. Kisha akacheka kidogo. Miaka ile ya foleni, alisema, sukari ya mgao ya duka la kaya alikuwa anaipima kwa kijiko, na kijiko chenyewe akikifutia ukingoni. Leo imejaa kila duka, na ndio leo kakatazwa.

Masharti aliyashika. Nyuma ya nyumba alipanda mboga za mchunga na mnavu. Mashineni, kijana wa kusaga alipomshangaa hakoboi mahindi, alimjibu kwamba unga huo ni wa kuku. Jesca alikuwa nyuma yake kwenye foleni, akauma midomo asicheke, kwa sababu nyumba ile haikuwa na hata kifaranga.

Kwenye shughuli ndiko alikoshindwa. Hakuthubutu kuanza, kwa hiyo hakula kabisa. Alikuwa akirudi jioni mikono ikitetemeka, akijishika ukutani mpaka apate kitu tumboni. Siku moja Jesca alijikaza akamkumbusha maneno ya nesi, kwamba vidonge na njaa havikai pamoja.

"Nesi hajaonja pilau yangu," akajibiwa.

Kisha ikaja harusi ya Shakila, binti wa mtaani hapo. Mama yake alifika jioni kwa Bi Hidaya, akazunguka maneno, akasema ukoo umesikia maneno ya mtaani, unafikiria kumchukua mpishi wa hotelini. Bi Hidaya alimsindikiza vizuri hadi njiani. Aliporudi aliteremsha ungo wa viungo, akawa anachambua mdalasini uliokuwa umeshachambuliwa. Jesca alimweka Baraka mapajani pake, akamwacha naye.

Mwisho, upande wa bwana harusi ndio uliosema hauli pilau ya mtu mwingine.

Siku yenyewe, sufuria zilipofunuliwa, Mama Shakila alikuja na sahani kubwa imejaa mpaka inamwagika. Akapiga goti. "Bi Hidaya, leo ufungue kula wewe, kabla ya wageni." Ilisemwa kwa adabu, lakini visu vya kachumbari vilitulia vyote, na Mama Rosa akanyanyua shingo.

Jesca aliiona ile mikono inaanza kutetemeka. Akafungua kinywa amsemee, akawahiwa.

"Nina kisukari," Bi Hidaya alisema. "Mwaka wa pili huu. Sili kwa kuwa nikianza siachi. Ninaijua pilau yangu."

Kisha Mama Rosa, macho kwenye nyanya zake, akasema kwa sauti ya chini kwamba alidhani kisukari ni cha wakubwa.

"Basi leo mmepikiwa na mkubwa. Kaeni vizuri."

Wanawake wakaangua kicheko, na Mama Shakila, uso umemshuka, akataka kuiondoa sahani. Bi Hidaya akaishika ukingo. Tangu asubuhi alikuwa na vidonge vitupu tumboni. Kwa vidole akausukuma wali ng'ambo ya pili, akajibakizia wa kujaa ngumi, akavuta bakuli la mchicha karibu yake. Halafu akamtafuta Jesca kwa macho.

"Mama Baraka, njoo ukae hapa, tule sahani moja. Ng'ambo hiyo ni yako, kula ushibe, unanyonyesha. Ila mkono wangu ukivuka kuja huko, mwanangu, upige. Usinionee haya. Upige."