Udongo wa Dada

Dada alirudi nyumbani kwetu Kariakoo kujifungulia kwa mama, kama inavyokuwa kwa mimba ya kwanza. Tukalala chumba kimoja, ndipo nikaijua miezi ya mwisho. Jioni miguu inajaa mpaka anavaa ndala za baba, asubuhi imepungua. Akipiga chafya mkojo unamtoka kidogo, tunacheka. Mtoto akigeuka, tumbo zima linahamia upande mmoja.

Nikitoka shule nilipita sokoni kumnunulia udongo wa kula, ule wanaoutamani wajawazito. Nilikuwa naona aibu hata kuuliza bei. Muuzaji aliitazama sketi yangu ya shule, akamgeukia mwenzake.

"Na huyu keshaanza?"

"Ni wa dada," nikasema.

"Wote husema wa dada."

Halafu nikamsindikiza dada kliniki, wakampima, damu iko chini. Nesi akasema isipopanda hatajifungulia pale jirani na nyumbani. Atapelekwa hospitali kubwa, kwa sababu akitokwa na damu nyingi, wao pale hawana ya kumwongezea. Dada alikuwa anataka mama awe karibu. Machozi yakaanza kumlengalenga.

"Vidonge vya damu unameza?"

"Nameza, nesi."

"Unamezea nini? Maji?"

"Chai ya rangi. Vinanichefua."

"Chai inavizuia kufanya kazi, mama. Meza kwa maji, au juisi ya machungwa. Na udongo, unakula? Nao unapunguza damu."

"Sili."

Dada akanikata jicho. Mimi ni mtu wa kunyamaza, hata darasani jibu nikilijua silisemi. Ila viganja vyake vilikuwa vimepauka, na mtoto alikuwa anacheza palepale chini ya gauni.

"Anakula," nikasema. "Namnunulia mimi."

Njiani dada alitangulia mbele. Tulipofika Msimbazi ndipo akasema, "Bubu wetu, yaani siku ya kuongea umechagua leo."

Tangu hapo sokoni nikawa nanunua matembele, mboga ya kuongeza damu, siku nyingine maini mama akinipa hela. Dada alikuwa anakaa mlangoni kunipokea.

"Kipande tu, mdogo wangu. Nikinuse."

"Sina."

"Una roho mbaya wewe."

Lakini vidonge alimeza, na maji, pua kaibana kwa vidole. Siku nyingine alivitapika, akapumzika, akaomba maji tena.

Leo tumerudi kliniki. Nesi kamchoma kidole, kasubiri, kaangalia tena.

"Imepanda. Utajifungulia hapahapa."

Dada alinishika mkono, kaubana mpaka ukauma. Tulipofika nyumbani mama katoa kanga zake kuukuu, zile laini za kumpokelea mtoto, kazifua na kuzianika uani. Dada kakaa chini ya kamba anakula matembele kwenye sufuria, hakutaka hata sahani.