Idd Tuliyoila kwa Miguu

Mwaka 1974, mwezi wa Oktoba, korosho zilipoanza kudondoka na joto la kabla ya mvua likiwa limetanda bonde lote la Ruvuma, nilikuwa na umri wa miaka kumi na sijawahi kukalia dawati. Darasa la kwanza nililianza mwaka uliofuata, nikiwa mrefu kuliko wenzangu wote. Idd ile, kwa hiyo, naikumbuka kwa pua na kwa nyayo.

Kwetu Mahurunga ukoo wetu ulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Siku ya Idd kila nyumba ilipika chakula cha aina moja tu, na hakuna aliyeruhusiwa kushibia kwake. Bibi, mzaa mama, alipika wali wa nazi na kuku wa mchuzi wa korosho. Jirani yetu, aliyekuwa kama ndugu, alioka mkate wa kumimina. Mama mdogo, aliyekaa chini kwenye majaruba ya mpunga, alichemsha ming'oko, mizizi ile ya porini ambayo wewe msomaji, kama umekulia huku, ukiisikia tu unameza mate. Mwisho kabisa, katika njia iendayo Kilambo, alikaa shangazi na karai lake la kaimati. Aliyetaka kuila Idd nzima ilimbidi aitembee.

Sisi wasichana tuliamka kukuna nazi na kutwanga korosho, huku moshi wa kuni ukitutoa machozi. Baada ya swala, bibi alisimama mlangoni na birika la maji ya kunawa, akisema lile alilolisema kila mwaka: "Onja, nawa, nyanyuka. Shangazi yenu hakupika ili alale na karai."

Mume wa mama mdogo ndiye aliyesumbua. Alipenda mchuzi wa bibi kupita kiasi, na mwaka ule aliketi mbele ya sinia hadi jirani akamjia juu.

"Shemeji, umeota mizizi? Tukumwagilie maji?"

"Nimwagilieni mchuzi," alijibu bila kuinua uso.

Walimshika makwapa wakamsimamisha, naye akaongoza msafara kwenda kula ming'oko ya mkewe, akilalamika njia nzima. Mchanga ulituunguza, tukakimbia kutoka kivuli hadi kivuli. Mimi na binti wa mama mdogo, dada yangu wa rika moja, tulishindana kufika kwenye kaimati. Jioni tulirudi tumekula kila kitu, na bado tulikuwa wepesi. Habari za uzito hakuna aliyezizungumza. Bibi alizeeka akiifunga kanga yake kwa fundo lile lile la ujana.

Niliolewa Mtwara mjini, nikasoma, nikafanya kazi, na mwaka 2016 nikamzika mume wangu kwa heshima aliyostahili. Katika miaka hiyo Idd iliacha kutembewa, ikawa ya kuletwa. Aprili 2024 nilikaa sebuleni kwangu, bodaboda zikaleta sinia baada ya sinia, na kwa kuwa kurudisha chakula ni kumtusi mpishi, nilikula. Mwisho wa mwezi, kliniki, muuguzi aliutazama mzani, kisha akanitazama mimi.

"Mama, umekula sikukuu ngapi?"

"Moja tu, mwanangu. Ila niliila nimekaa."

Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Sukari ilikuwa imepanda. Ugonjwa huo huo ndio uliosababisha dada yangu, yule wa mbio za kaimati, akatwe mguu mwaka uliotangulia.

Ndiyo maana Jumapili, tarehe 16 Februari 2025, nilisimama mbele ya kikao cha ukoo nikaomba turudishe Idd ya kutembea, japo kwa nyumba nne. Vijana walikuja na pendekezo lao: ukumbi mmoja mjini, wapishi wa kukodi, vyakula vyote juu ya meza moja.

"Mama mkubwa, jua lote lile?" aliuliza binti wa mdogo wangu. "Na vyakula ni vile vile, hata ming'oko ipo."

"Vyakula ni vile vile," nilimjibu. "Njia ndiyo haipo."

Mjomba, mkubwa wa ukoo, alinigeukia. "Mpwa wangu, nimekuelewa," alisema. "Lakini hiyo njia ataitembea nani?" Akaomba mikono inyooshwe.

Upande wangu ulinyooshwa mkono wangu, na mkono wa dada yangu kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. Mjomba akatangaza kuwa pendekezo la vijana limepita, ikasomwa dua.

Kisha vikaletwa vyakula, nami nikapakatishwa sahani ya pilau iliyofurika. Nilishika mkono wa kiti ninyanyuke nikanawe.

"Kaa tu, mama mkubwa," binti yule aliniambia kwa upole. "Maji nayo yanakuja."